Kama Sentensi Yako Ina "Anajipata", Bado Huna Filamu



Leo niko na neno moja na najua litawauma wengine. Wengi wetu hatuna filamu. Tuna mada. Tuna jina kali la filamu. Tuna bango tumeshachora kwa simu, na tumeshaamua nani ataigiza. Lakini filamu yenyewe bado. Na njia rahisi ya kujua kama unayo ama huna ni kujaribu kuisema kwa sentensi moja.

Hiyo sentensi watu wa filamu wanaiita logilaini. Ni maneno ishirini na kitu, thelathini hivi ukizidi, yanayomwambia mtu filamu yako inamhusu nani, anataka nini, nini kinamzuia, na akishindwa atapoteza nini. Si kaulimbiu ya tangazo. Si muhtasari wa kurasa mbili. Ni sentensi moja, na ikisimama, filamu inaweza kusimama.

Kila wiki msee fulani ananitumia ujumbe: "Buda, niko na stori itamaliza Netflix yote." Namuuliza, inahusu nini? Basi anarekodi sauti ya dakika kumi na moja. Dakika ya tatu bado tuko kwa utoto wa babu ya mhusika. Dakika ya saba kuna kaka pacha ametokea, hakuna aliyejua alikuwepo. Mwisho anasema, "Yaani ni ndefu, lazima uione ndio uelewe."

Hapana. Kama lazima niione ndio nielewe, hakuna atakayeiona. Fomu karibu zote za kuomba hela za filamu, warsha na mashindano zinaanza na kisanduku kidogo cha logilaini kabla ya kitu kingine chochote. Anayesoma ana rundo la fomu mezani na chai inapoa. Kisanduku chako kikimchosha, hizo kurasa tisini zako hatazifungua.

Fikiria makanga pale steji ya Kisii. Gari linaondoka, abiria wanatembea haraka, mvua ya mchana iko karibu. Makanga hakuelezi injini ilitengenezwa wapi wala dereva alisomea nani. Anakuambia: Keroka, Sotik, Kericho, bei ni hii, viti viwili. Unajua unaenda wapi, unajua itakugharimu nini, na unajua ukichelewa utaachwa. Umeingia. Hiyo ndiyo kazi ya logilaini.

Na msiniambie hatujui kufanya hivyo. Sisi ni mabingwa. Simama dakika tano Daraja Mbili siku ya soko, karibu na mathe wawili wanaopanga ndizi, na usikilize:

"Umesikia ya yule kijana aliyeuza shamba la babake akidhani mzee alikufia Nairobi? Mzee ameshuka kwa matatu Jumapili!"

Hebu angalia hiyo. Tunaye mtu: kijana. Tuna alichofanya: ameuza shamba. Tuna shida: mzee yuko hai, na ameshafika. Tunajua bila kuambiwa kinachoweza kupotea, kwa sababu hapa kwetu kila mtu anajua shamba ni nini. Na bila kupenda mdomo wako unasema: "Halafu?" Yule mathe hajawahi kusikia neno logilaini, lakini ametoa moja bora kuliko nyingi nilizotumiwa mwaka huu.

Ukiivalisha nguo za filamu inakuwa hivi:

"Kijana aliyeuza shamba la babake akidhani mzee amekufa ana siku tatu za kulinunua tena kabla mzee hajaenda kulikagua."

Hapo ni vichekesho. Badilisha mnunuzi awe mtu hatari na ni filamu ya kukutoa jasho. Lakini mifupa ni ile ile.

Mimi niliacha kampo mwaka wa pili karo ilipokataa kutosha, kwa hivyo sijifanyi profesa. Haya nimejifunza kwa kutazama filamu, kuzisimamisha, na kuandika kila moja kwa sentensi moja kwenye daftari. Jaribuni hilo zoezi. Halihitaji bando kubwa, na linafundisha kuliko video mia za ushauri.

Chukua Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya ilipeleka kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Kwenye daftari langu iko hivi:

"Kijana wa ushago anayeota kuwa mwigizaji anaingia Nairobi, anaporwa kila kitu siku ya kwanza, na sasa lazima achague kati ya jukwaa na genge lililompa chakula."

Chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018:

"Msichana wa miaka tisa anayejua atakufa anataka kuwa supahiro, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu kabla muda wake haujaisha."

Chukua The First Grader, 2010, inayotoka kwa maisha ya kweli ya mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, baada ya serikali kufanya shule za msingi ziwe bure:

"Mzee wa miaka 84 aliyepigania uhuru anataka kuketi darasa la kwanza ajifunze kusoma, lakini wazazi na wakubwa wa elimu wanataka atolewe."

Unaona zinavyofanana? Si hadithi moja, lakini kila moja inajibu maswali manne. Nani? Anataka nini? Nani ama nini kinamzuia? Akikosa, anapoteza nini? Na kila moja ina vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja: mwizi na mwigizaji, kifo na supahiro, miaka 84 na darasa la kwanza. Hapo ndipo sikio linasimama. Mzee wa miaka 84 anayeota jua ni picha. Mzee wa miaka 84 aliyevaa kaptura ya shule ni filamu.

Pia ona hakuna majina. Hakuna "Kevin" wala "Kwamboka". Jina la mtu nisiyemjua haliniambii kitu. "Bodaboda" inaniambia. "Mjane" inaniambia. "Karani wa mahakama aliyeficha faili" inaniambia mengi zaidi. Weka jina tu kama ni mtu ambaye tayari namjua kwa historia.

Sasa nije kwa ugonjwa wenyewe, ule niliouweka kwa kichwa cha hii makala.

Soma logilaini kumi za vijana wa kwetu, na nane kati yake zina neno "anajipata". "Kijana wa Tabaka anajipata katika ulimwengu wa giza Nairobi." "Msichana wa Nyamira anajipata njia panda." "Marafiki watatu wanajipata kwenye matatizo makubwa." Manze, huyu mtu alikuwa amelala? Nani alimbeba?

Kujipata ni kitenzi cha mtu ambaye hajafanya chochote. Kinaficha kile kitu tunachotaka kuona: uamuzi. Hakuna anayejipata katika ulimwengu wa giza. Kuna siku alipigiwa simu, akafikiria bili ya hospitali ya mamake, akasema ndio. Hiyo "ndio" ndiyo filamu yako, na wewe umeifukia chini ya "anajipata".

Turekebishe huyo wa Tabaka:

"Ili kulipa deni la hospitali la mamake, mchongaji kijana wa Tabaka anakubali kuficha mzigo wa magendo ndani ya vinyago vya mawe ya sabuni, hadi kinyago kimoja kinauzwa kwa mtu asiyefaa."

Sasa tuna mtu mwenye mikono. Na ona Tabaka imeingia kazini. Mawe ya sabuni si mapambo ya nyuma ya picha tena. Bila hayo mawe hakuna njama. Kama unaweza kung'oa Tabaka kwenye sentensi, ukaweka Thika na hakuna kilichobadilika, basi hukuwa unaandika kuhusu Tabaka.

Ndugu yake "anajipata" ni ile herufi ndogo ya w mwishoni mwa kitenzi. Anafukuzwa. Anaibiwa. Anakataliwa. Anaonewa. Mara moja ni sawa: hata yule kijana wa Nairobi Half Life anaporwa. Dunia inaruhusiwa kumpiga mhusika wako kofi la kwanza. Lakini kama kila kitenzi ni cha kupigwa, huna mhusika, una ngoma. Baada ya kofi lazima afanye kitu, tena kitu ambacho kinaweza kumharibia zaidi.

Ugonjwa wa pili ni "kuhusu". "Filamu yangu ni kuhusu uchumi wa chai Nyamira." "Ni kuhusu elimu ya mtoto wa kike." "Ni kuhusu migogoro ya ardhi." Hizo ni mada za mkutano wa chifu. Nani atalipa tiketi akae gizani saa mbili kusikiliza mkutano wa chifu? Mada haina mtu, na pasipo mtu hakuna cha kuogopea. Lakini ukimpata mtu, mada zote tatu zinaingia bila kuitwa:

"Msichana wa Nyansiongo aliyeitwa chuo kikuu ana wiki mbili za kumshawishi babake atumie bonasi ya chai kulipa karo, kabla mzee hajaimaliza kwa kesi ya shamba dhidi ya ndugu yake mwenyewe."

Chai iko. Ardhi iko. Elimu iko. Neno "kuhusu" haliko. Na sasa niko na hamu ya kujua, kwa sababu huyo baba si mtu mbaya. Anaamini anaokoa urithi wa watoto wake. Vita vizuri ni vya watu wawili ambao kila mmoja ana haki yake.

Hadi hapa mnaweza kusema ni mambo ya ufundi tu. Sasa nawaambia kwa nini mimi nalishikilia hili jambo kama mtu wa huku kwetu.

Sentensi ina mwenyewe. Katika kila sentensi kuna anayefanya na kuna anayefanyiwa. Ukiandika logilaini unaamua filamu ni ya nani, na ukikosa kuamua wewe, ataamua mwingine. Niwape mfano wa damu, si wa kubuni.

Januari 1908, huku Gusii, kijana anayeitwa Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni, G. A. S. Northcote. Nyuma ya Otenyo alikuwepo Moraa, mwanamke mwaguzi na mganga, aliyekuwa akiwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Ndiye aliyemlea Otenyo. Wengine husimulia kama mama, wengine kama shangazi. Northcote hakufa. Serikali ikaleta jeshi, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakauawa hadi Winston Churchill, wakati huo akiwa wizara ya makoloni kule London, akalalamika kwamba mauaji yamezidi. Otenyo akauawa, na huku nyumbani inasimuliwa hadi leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote akaendelea na kazi, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong.

Haya. Tukio ni hilo hilo, watu ni wale wale. Soma sentensi tatu.

Ya kwanza:

"Ofisa kijana wa Kiingereza aliyetumwa kutawala milima ya Kisii ananusurika mkuki wa mgongoni, na lazima aamue kama atawazuia wakubwa wake wasilipize kisasi."

Ya pili:

"Kijana wa Gusii anachukua mkuki kumwondoa mtawala wa kigeni, akijua kwamba akikosa, nyumba zitakazoungua ni za watu wake."

Ya tatu:

"Mwaguzi wa Gusii anamtuma kijana aliyemlea kumuua mtawala, na mkuki unaposhindwa kuua, lazima achague kumficha kijana ama kumtoa ili vijiji viache kuchomwa."

Hiyo chaguo la mwisho la Moraa na lile la Northcote nimeyaweka mimi; historia haikutuachia kilichokuwa moyoni mwao. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi. Lakini angalia kinachotokea. Katika sentensi ya kwanza, sisi ni mandhari. Sisi ni milima na mkuki. Otenyo hana hata jina la kazi. Na ile filamu ingeuzika, msidanganyike, tena ingekuwa na sehemu ya pili Hong Kong. Katika ya pili tuna shujaa, na ni nzuri, lakini mwisho tunaujua. Katika ya tatu tuna mama ambaye neno lake limewasha moto, na moto unarudi mlangoni kwake. Mimi hiyo ya tatu ningeitazama kesho asubuhi. Wewe unaweza kuchagua nyingine, sawa kabisa. Nachosema ni kwamba lazima uchague, na kuchagua kunafanyika kwenye sentensi, kabla kamera haijawashwa.

Ndio maana hili la pili linaniuma zaidi. Mkitaka kujua Wakenya wengine wanatuandikia logilaini gani, mnaijua tayari. Taja Kisii popote, mtu anacheka: "Aii, wachawi!" Na sisi wenyewe tumeinunua. Nusu ya skiti zetu, bibi kizee anatokea na kibuyu, macho mekundu, watu wanakimbia, tunacheka, tunapata watazamaji.

Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashtaki uchawi. Mwaka 2008 ilikuwa hivyo hivyo, zaidi ya watu kumi wakateketezwa huku Kisii kwa tuhuma hiyo hiyo. Sisemi skiti ndiyo iliyowasha kiberiti. Nasema ukiandika "kikongwe mchawi anatisha kijiji", umeandika ile sentensi ambayo umati ulikuwa unaiamini usiku ule. Umempa bibi kizee kitenzi ambacho hakukifanya.

Sasa geuza mwenye sentensi:

"Usiku ambao kijiji kinamtafuta nyanya yake kwa tuhuma za uchawi, bodaboda kijana lazima amvushe hadi kituo cha polisi kupitia vizuizi vinavyolindwa na marafiki zake mwenyewe."

Uchawi uko humo. Hofu iko. Usiku, pikipiki, tope, tochi, vyote viko. Inatisha kuliko kibuyu chochote. Lakini kinachotisha sasa ni watu, na kila bodaboda wa huku atajiuliza: ningekuwa mimi, ningekuwa kwa pikipiki ama kwa kizuizi? Hakuna aliyehubiriwa. Sentensi imehama tu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema: hizi logilaini ni mambo ya Hollywood, zinabana sanaa, sisi Waafrika tunasimulia kwa mzunguko.

Buda, sisi ndio watu wa kitendawili. "Tega!" na kwa maneno manne umepewa dunia nzima uibebe kichwani hadi uifungue. Sisi ndio watu wa methali. Wazee wetu waliweza kumaliza kesi ya mifugo kwa sentensi moja na wote wakaenda nyumbani wakiwa wameelewa. Kusema mengi kwa machache hatukuletewa kwa meli. Na logilaini haikuambii filamu yako iende moja kwa moja. Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, ni filamu ya ajabu, haifuati njia ya kawaida, na bado inakaa kwa sentensi: mwanamke anaamka nyikani bila kumbukumbu, anaambiwa yeye na wenzake wamekufa, na sasa lazima ajue alikuwa nani. Zungusha filamu utakavyo. Ila tuonyeshe mlango uko wapi.

Wa pili atasema: nikiisema wataiba.

Hii hofu naielewa, na si ya kijinga. Lakini tuambiane ukweli. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, hailindi wazo lililo kichwani. Inalinda kazi uliyoiandika ama kuirekodi. Wazo lako ulilolificha miaka minne halina ulinzi wowote. Mtu mwingine anaweza kuliota kesho kivyake na hutakuwa na la kusema. Kinachokulinda ni kuandika. Andika skripti, weka tarehe, isajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, halafu sema sentensi yako kwa sauti. Na ukweli mwingine ni kwamba sentensi moja mtu akiichukua bila wewe, atatengeneza filamu nyingine kabisa. Wape watu kumi ile ya mzee aliyeshuka kwa matatu, utapata filamu kumi.

Wa tatu atasema hana kamera. Ndio maana naongea kuhusu sentensi! Ni kitu pekee katika hii biashara ambacho mtoto wa Ekerenyo na mtoto wa Los Angeles wanakipata kwa bei moja.

Basi fanya hivi. Chukua stori yako uiandike kwa lugha unayoota nayo. Kama ni Ekegusii, andika Ekegusii. Fomu ikitaka Kiingereza utatafsiri baadaye, lakini usifikirie kwa lugha ya fomu. Andika mara ishirini. Tano za kwanza zitakuwa takataka, hiyo ni kawaida. Hesabu maneno, na ukipita thelathini na tano anza kukata, ukianza na sifa: "mrembo", "mwenye bidii", "anayependwa na wote". Usitoe mwisho, tuache pale mtu anapolazimika kuchagua. Kama ni vichekesho, sentensi yenyewe ichekeshe. Huwezi kuniahidi kicheko kwa sauti ya tanzia.

Halafu itoe nje. Mwambie bodaboda mkisubiri mvua ipungue. Mwambie mamako akichambua chinsaga. Usieleze, usiongeze "yaani maana yake ni". Sema, unyamaze, utazame uso. Akisema "Aa, sawa, ni poa," rudi ukaandike upya. Hiyo ni adabu tu. Akisema "Halafu?", unayo.

Mtu akiniuliza haraka ya nini, namwambia kuhusu Watu Wote. Desemba 2015 magaidi walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Ona kitenzi hicho: wakakataa. Hiyo ilikuwa logilaini iliyoandikwa na watu wa kawaida kwa miili yao, na sote tuliisoma kwenye habari. Filamu fupi iliyotoka kwayo, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018, ilitoka kwa wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, wakishirikiana na Wakenya. The First Grader iliongozwa na Mwingereza. Sisemi walikosea. Filamu zote mbili ni nzuri, na Wakenya wameigiza humo vizuri sana. Nasema sentensi ilikuwa barabarani, sisi tukaipita tukienda kutafuta bando.

Moraa bado yuko barabarani. Yule bodaboda na nyanya yake wako barabarani. Msichana wa bonasi ya chai yuko nyumba ya pili kutoka kwenu, na unajua ni nani.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujalala, maneno thelathini. Ukimaliza, piga mstari chini ya kila kitenzi na ujiulize swali moja tu: nani anafanya? Kama jibu ni "anajipata", futa, anza tena.